Kwetu 1984 Ilifika Mapema

Soja wa mlangoni hakuniangalia usoni. Alinyoosha mkono tu, akasema, "Kipande."

Sikuwa nacho. Kilikuwa kimenipotea wiki mbili kabla ndani ya matatu, pamoja na pochi na mia nne zangu. Nikamwonyesha picha yake kwenye simu. Akatikisa kichwa. Nikamweleza kwamba nimekuja kuchukua malipo ya makala niliyoandika, kwamba watu wa ghorofa ya nne wananijua na wananingoja. "Wao ndio wanakujua," akasema. "Mimi najua kipande."

Simlaumu. Ana daftari lake, ana bosi wake, na mshahara ambao nadhani ni mdogo kuliko deni langu la chuo. Nilikaa pale nje kwenye ngazi nusu saa nzima. Jioni nikampigia shosho simu, yuko Murang'a, kumwambia yaliyonipata. Alicheka hadi akakohoa.

"Kumbe bado mnakiita kipande?"

"Ndiyo, shosho."

"Baba yangu alikuwa anakivaa shingoni. Kama kengele ya mbuzi."

Wiki hiyo nilikuwa nasoma 1984 ya George Orwell, nakala ya 150 bob kutoka kwa wale wauza vitabu wa kuinama katikati ya jiji. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, kwa hivyo sina mwalimu wa kunipangia nisome nini. Nasoma kile barabara imeleta. Na siku zote nilikuwa nimesikia kwamba kitabu kile ni onyo kuhusu kesho: angalieni, msipochunga, serikali itakuja kuwatazama hadi chumbani. Baada ya ile simu sikuweza tena kukisoma hivyo. Kila nikifungua ukurasa naona kikopo cha bati kikining'inia shingoni mwa baba ya shosho.

Zile riwaya tunazoziita distopia, hadithi za serikali inayowala watu wake, wenzetu huzisoma kama utabiri. Sisi tuna haki ya kuzisoma kama historia. Na tukizisoma hivyo zinatuonyesha jambo ambalo somo la historia shuleni huliruka haraka: watu hawanyang'anywi mamlaka yao kwa bunduki peke yake. Bunduki hufungua mlango, kisha karatasi inaingia na kukaa. Anayeandika jina lako, anayeamua uishi wapi, na anayeweza kuchoma faili yako, huyo ndiye anayekutawala, bendera iwe ya rangi gani.

Nambari badala ya jina

Mwaka wa 1920 na 1921, mwandishi Mrusi Yevgeny Zamyatin alikuwa anaandika riwaya ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Sisi. Watu wa nchi aliyoibuni hawana majina. Wana herufi na nambari. Msimulizi anaitwa D-503. Wanaishi katika nyumba za vioo na wanatembea kwa ratiba. Kitabu hicho hakikuruhusiwa kutoka nchini kwake. Kilitoka kwanza kwa Kiingereza, huko New York, mwaka wa 1924. Orwell alikisoma, na Januari 1946 akachapisha uhakiki wake, kabla hajaandika 1984.

Sasa tazama tarehe hizo tena. Wakati Zamyatin anabuni, koloni la Kenya lilikuwa linatekeleza. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka wa 1915, Vita Vikuu vya Kwanza vikaichelewesha, na ikaanza kazi mwishoni mwa 1919 na kuenea mwaka wa 1920. Kila mwanaume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa awe na kipande. Ndani yake kulikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake na nambari. Kisha kulikuwa na sehemu ya mwajiri: siku uliyoanza kazi, mshahara wako, siku uliyoachiliwa. Karatasi ilikunjwa, ikatiwa ndani ya kikopo cha bati, kikopo kikavaliwa shingoni. Wagikuyu wakakiita mbugi, ile kengele ya mbuzi.

Ujanja wote ulikuwa kwenye sahihi. Setla asipotia sahihi kwamba amekuachilia, hakuna mwingine wa kukuandika. Ukitoroka shamba kwa sababu umepigwa, faili yako iko, nambari yako iko, vidole vyako viko, na polisi wanajua pa kuanzia. Ukikutwa njiani bila kipande, hilo lenyewe ni kosa. Na kwa kuwa mshahara wako wa zamani umeandikwa pale, mwajiri mpya anajua kabla hujafungua mdomo ni kiasi gani kidogo atakulipa na utakubali. Karatasi moja ikawa polisi na nyapara kwa wakati mmoja.

Watu hawakunyamaza. Kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko makubwa ya Harry Thuku na chama chake mwaka wa 1921, pamoja na kodi na kukatwa mishahara. Alikamatwa 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi alikofungiwa, karibu na hoteli ya Norfolk. Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta wanaume kwa woga wao na kuwasukuma wasonge mbele, na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwepo walisema ni wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa mmoja wa waliokufa.

Kuna kisa kingine kidogo ambacho mimi hukipenda kwa ukatili wake. Mwaka wa 1947 sheria ilibadilishwa ili kitambulisho kiwe cha kila mtu, bila kujali rangi. Masetla walipogundua kwamba nao watatakiwa kuchovya vidole kwenye wino, walikasirika kweli kweli. Hiyo ni fedheha, walisema, hayo ni mambo ya wahalifu. Mwishowe ikatafutwa njia: anayejua kusoma na kuandika Kiingereza atoe picha na sahihi badala ya vidole. Miaka karibu 30 Waafrika walikuwa wametiwa wino na hakuna setla aliyeiona fedheha hiyo. Ilionekana siku ilipobisha mlango wake.

Polisi kijana wa Burma

Mwaka huo huo wa 1922, miezi michache baada ya Nyanjiru kupigwa risasi, kijana wa Kiingereza wa miaka 19 aitwaye Eric Blair alipanda meli kwenda Burma kuwa afisa wa polisi wa dola. Alikuwa amezaliwa India, mji wa Motihari, tarehe 25 Juni 1903. Baba yake alifanya kazi katika idara ya serikali iliyosimamia biashara ya afyuni. Blair alikaa kwenye polisi miaka mitano, akaacha mwaka wa 1927 akiwa amechoka na kuchukizwa na kazi ile. Baadaye akajiita George Orwell. Riwaya yake ya kwanza, Burmese Days ya 1934, inahusu klabu ya wazungu katika mji mdogo wa Burma na roho zinazooza ndani yake.

Siwezi kudai kwamba 1984 iliandikwa kuhusu Kenya. Orwell alikuwa akimfikiria Stalin, akimfikiria Hitler, akiifikiria London ya mabomu na foleni za chakula. Lakini aliijua mashine ya serikali kwa ndani, kwa sababu aliwahi kuiendesha akiwa na sare na virungu chini ya amri yake.

Hata zile alama za vidole zina safari yake. Mfumo wa kuzipanga ili faili moja ipatikane kati ya maelfu ulitengenezwa na polisi wa Bengal, India, chini ya Edward Henry, na kazi kubwa ya hesabu ikifanywa na wasaidizi wake wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka wa 1897. Polisi wa London waliuchukua mfumo huo mwaka wa 1901, na kwa wahalifu tu. Miaka 19 baadaye ulikuwa shingoni mwa kila mwanaume Mwafrika wa Kenya aliyefikisha umri, mhalifu au la.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa hofu ya distopia. Mara nyingi kinachomtisha msomaji wa Ulaya ni wazo kwamba siku moja atatendewa yeye yale ambayo serikali yake tayari inawatendea wengine mbali na macho yake. Makoloni yalikuwa maabara, na kesho ya London ilikuwa leo ya Nairobi.

Kijiji chenye handaki

1984 ilichapishwa 8 Juni 1949. Tarehe 20 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ikatangazwa Kenya.

Alfajiri ya 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi walilizingira jiji la Nairobi. Oparesheni hiyo iliitwa Anvil, maana yake fuawe, kile chuma ambacho mhunzi hupondea juu yake. Wagikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani mwao mtaa kwa mtaa na kupangwa mistari. Mbele yao alipita mtu aliyefunikwa gunia kichwa hadi miguu, matundu mawili tu ya macho. Aliitwa gakũnia. Akitikisa kichwa hivi, unaenda nyumbani. Akikitikisa vile, unapanda lori. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kambini bila kesi yoyote. Huko wakapewa rangi: mweupe ni aliyetakasika, wa kijivu yuko njiani, mweusi ni sugu. Safari ya kutoka weusi hadi weupe, kambi kwa kambi, ilibatizwa jina la bomba, na kazi nzima ikaitwa urekebishaji. Idara iliyoisimamia ilibeba jina la maendeleo ya jamii. Orwell angekuwa amebuni jina hilo, mhariri wake angemwambia amezidisha chumvi.

Shosho alikuwa na miaka tisa hivi. Yeye hasemi Anvil. Anasema mwaka wa kuchomewa nyumba. Kuanzia katikati ya 1954 serikali iliwahamisha watu kwa nguvu kutoka kwenye vilima vyao, na kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamefungiwa ndani ya vijiji zaidi ya 800. Nyumba zilipangwa kwa mistari, handaki likazunguka kijiji, na ndani ya handaki kukachomekwa miti iliyochongwa. Kulikuwa na mnara wa ulinzi, na kafyu ya hadi saa 23 kwa siku pale mahali palipoadhibiwa. Waliochimba handaki ni wanawake, kwa sababu wanaume wengi walikuwa kambini au msituni.

"Tulichimba kaburi letu tukaambiwa ni la kutulinda," shosho aliniambia. Anakumbuka firimbi. Firimbi ya kuamka, firimbi ya kwenda kuchimba, firimbi ya kuteka maji, saa moja tu, ukichelewa watoto wanalala na kiu. Na anakumbuka kikopo. Baba yake alikuwa ameacha kukivaa, kwa hivyo mama yake alikitundika kwenye msumari na kuweka sindano za kushonea humo. Kiliteketea pamoja na nyumba.

Kisha ikaja Hola. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa wa kambi hiyo ya Tana River walipelekwa shambani kulazimishwa kufanya kazi. Walinzi waliwapiga kwa virungu hadi 11 wakafa. Wambugu wa Nyingi, aliyenusurika, alipoteza fahamu na kutupwa pamoja na maiti. Taarifa ya serikali kwa magazeti ikasema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji.

Soma sentensi hiyo mara mbili. Kila neno linaweza kuwa kweli. Kulikuwa na gari la maji, na huenda walikunywa. Uongo umekaa katika mpangilio tu. Uchunguzi wa maiti ndio uliosema ukweli, kwamba waliuawa kwa kupigwa, na kisa hicho kikafika hadi bunge la Uingereza.

Moto na maji ya kina

Katika 1984, Winston Smith anafanya kazi ofisini. Kazi yake ni kurekebisha magazeti ya zamani ili yalingane na yale ambayo chama kinasema leo. Karatasi ya ukweli inatupwa kwenye tundu ukutani na hewa ya moto inaivuta hadi kwenye tanuri. Nilipofika hapo niliona ni mbwembwe za mwandishi. Nani ana muda wa kuchoma karatasi zote hizo?

Uingereza ilikuwa nao. Mwaka wa 1961 wizara ya makoloni iliagiza kwamba serikali mpya za Kiafrika zisiachiwe nyaraka zozote ambazo zingeiaibisha London. Kazi hiyo ikaitwa Legacy, yaani urithi. Mafaili yakagawanywa: yale safi ya kuachiwa warithi, na yale ya siri ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kuyashika wala kujua kwamba yapo. Maelekezo yalikuwa ya makini sana. Ukichoma, hakikisha karatasi zimekuwa jivu na jivu lenyewe livunjwevunjwe. Ukishindwa kuchoma, tia kwenye masanduku yenye uzito, ukayazamishe baharini mbali na pwani, penye kina kirefu na pasipo mkondo.

Yale ambayo hayakuchomwa yalisafirishwa kwenda Uingereza, na kwa miaka mingi serikali yake haikukiri kwamba inayo. Halafu mwaka wa 2009 wazee wachache wa Kenya, akiwemo Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara, wakaishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London. Wanahistoria wakasukuma, mawakili wakasukuma, na mwaka wa 2011 ikakubaliwa: kulikuwa na mafaili yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37, yamefichwa mahali paitwapo Hanslope Park. Ya Kenya pekee yalikuwa yapata 1,500. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilitangaza kusikitika na kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228.

Fikiria hilo kidogo. Tulipata uhuru 1963 bila kuachiwa habari zetu wenyewe. Nchi ilipewa bendera, wimbo na kiti Umoja wa Mataifa, lakini kumbukumbu yake ilikuwa imefungwa kwenye ghala la mtu mwingine. Hiyo ni sehemu ya mamlaka ambayo huwa hatuihesabu.

Mhusika anayetafutwa na polisi

Ungedhani bendera ikishapanda, mashine inazimwa. Haikuzimwa. Ilibadilishwa dereva. Kufikia 1966 kulikuwa na sheria mpya ya usalama iliyomruhusu rais kumweka mtu kizuizini bila kesi, sawa tu na enzi ya Hali ya Hatari. Mwaka wa 1989 Wakenya Wasomali peke yao waliamriwa kuchujwa upya na kubeba kadi za rangi ya waridi kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Mtu wa gakũnia alikuwa amevua gunia tu, akakaa nyuma ya meza.

Na waandishi wetu waliona. Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha Matigari kwa Kigikuyu mwaka wa 1986, hadithi ya mpiganaji anayetoka msituni na kuzunguka nchi nzima akiuliza ukweli na haki viko wapi. Ngũgĩ mwenyewe alisimulia kilichofuata. Wapelelezi waliripoti kwamba huko Mkoa wa Kati watu wanamzungumzia sana mtu fulani Matigari anayeuliza maswali hatari. Ikatolewa amri akamatwe. Polisi wakamtafuta, wakagundua yumo kitabuni. Basi mwaka wa 1987 wakakikamata kitabu, dukani kwa dukani. Nacheka kila nikifika hapo, halafu kicheko kinakwama. Serikali iliyozoea kutawala watu wa karatasi ilikuwa imeshindwa kutofautisha mtu na karatasi.

Katama Mkangi, mhadhiri wa sosiolojia, aliwekwa kizuizini mwaka wa 1986. Mwaka wa 1995 akatoa Walenisi. Dzombo anahukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo cha angani akafie huko, lakini anafaulu kukiongoza hadi nchi ambayo mtawala na mtawaliwa ni kitu kimoja. Lile jina ulitamke polepole: wale ni sisi. Zamyatin aliandika Sisi akimaanisha umati uliomezwa na dola. Mkangi, ambaye alikuwa amekaa ndani ya tumbo la dola hiyo, alichukua neno lile lile akaligeuza. Katika kitabu chake, dola ndiyo inayomezwa na watu.

Wengine walitazama upande wa nje. Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka, 2001, anamfufua babu aje amwonyeshe mjukuu wake, kiongozi anayeitwa K, nchi ilivyouzwa. Wamitila katika Bina-Adamu!, 2002, anamtuma msimulizi wake duniani kumtafuta anayekiharibu kijiji, na nyayo zinamfikisha kwa jitu la utandawazi linalojulikana kwa herufi P.P. Vitabu hivi viwili vinasema kwamba unaweza kupoteza nchi bila mwanajeshi hata mmoja wa kigeni kushuka bandarini. Inatosha watu wako waweke sahihi.

Sisi na hiyo sahihi

Mwaka wa 2019 tulipanga foleni ya Huduma Namba. Nilikuwa kijana, nilimsindikiza mathe. Sheria iliyoleta mfumo huo iliacha mlango wazi wa kuchukua hata chembe za urithi, DNA, na mahali mtu anapoishi kwa setilaiti. Watetezi wa haki, wakiwemo Wanubi wa Kibra ambao wamesumbuliwa na mambo ya vitambulisho kwa vizazi, walienda kortini. Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataza DNA na hayo ya setilaiti, na Oktoba 2021 ikasema kadi zenyewe zilianza kutolewa kinyume cha sheria ya kulinda data. Kwa hivyo nisiseme uongo: hatuishi katika nchi ya Orwell. Huko hakuna jaji wa kumwambia Kaka Mkubwa simama. Na mimi ninaandika haya kwa jina langu.

Lakini hatuko mbali vya kutosha kulala. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa rika langu walifika hadi ndani ya Bunge kukataa Mswada wa Fedha. Siku hiyo Orwell angetimiza miaka 121. Ni sadfa tu, lakini imenikaa. Mabango mengine siku zile hayakumtaja waziri wala rais. Yalitaja IMF, kwa sababu watu walikuwa wameshaelewa kwamba bei ya mkate wao inajadiliwa kwenye meza ambayo hawajawahi kuiona. Wenzetu walipigwa risasi. Mswada haukutiwa sahihi. Halafu magari yasiyo na nambari yakaanza kuchukua watu, na kufikia Desemba tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imerekodi visa 82 vya kutekwa tangu Juni.

Magari yasiyo na nambari. Raia ana nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, nambari ya kodi, lakini anayekuja kumchukua hana hata moja. Ukitaka kujua mamlaka yako wapi katika nchi, usisome hotuba. Uliza ni nani anayelazimika kujitambulisha kwa nani. Ibara ya kwanza ya Katiba ya 2010 inasema mamlaka yote makuu ni ya wananchi. Kwa mantiki hiyo, soja wa ile ghorofa alikosea mtu. Wa kuulizwa kipande ni wale.

Mahali mashine inakwama

Nilimaliza 1984 usiku, na nilikasirika. Winston anavunjwa, anasahau, anampenda aliyemvunja. Orwell anafunga mlango na kuondoka na ufunguo. Katika nchi aliyoibuni, karatasi ikishachomwa, jambo halikutokea.

Hapo ndipo kioo chake kinapoishia, na ndipo historia yetu inapomzidi. Jivu lilivunjwavunjwa, masanduku yakazamishwa, na bado miaka 50 baadaye wazee walisimama London wakasema: mimi nilikuwepo, walinifanyia hivi, mguu huu hapa. Mafaili ya Hanslope hayakujitoa yenyewe. Yalitolewa kwa sababu kuna watu waliokuwa wameendelea kukumbuka kwa mdomo, jikoni, kwenye matanga, huku shuleni watoto wao wakifundishwa kwa kifupi. Kumbukumbu ya mtu haikamatwi dukani.

Ila inazeeka. Shosho ameanza kuniita kwa jina la mathe. Juzi alinisimulia tena habari za firimbi, lakini safari hii handaki lilikuwa upande mwingine wa mto. Kwa hivyo Jumapili nikienda Murang'a naweka simu mezani kati ya vikombe vya chai, nabonyeza kurekodi, namwacha aongee. Nina saa sita sasa. Nimezihifadhi mahali pawili. Kama nawe una mtu wa umri huo nyumbani, usingoje Krismasi.

Kitambulisho kipya kilitoka baada ya majuma mengi. Nilirudi kwenye lile jengo, soja yule yule akakichukua, akaandika nambari yangu kwenye daftari, akanirudishia bila kusoma jina. Nikapanda ghorofa ya nne, nikalipwa.

Nilipompigia shosho kumwambia, aliuliza kitu kimoja tu.

"Umekiweka wapi?"

"Mfukoni, shosho."

"Vizuri. Kikae huko huko. Kisifike shingoni."